Mtihani Uliofanywa na Ukoo Mzima

Majirani zangu, nisikilizeni, na atakayechomwa na maneno yangu aniwie radhi, maana yananichoma mimi kwanza.

Jumamosi moja baada ya swala ya alasiri, uani kwa Bi Tunu hapa Vingunguti kulikuwa na raha. Mkeka umetandikwa, chai ya tangawizi imo kwenye chupa, kashata zimejaa sinia. Tuliokaa ni Bi Tunu mwenyewe, mwanawe Marijani ambaye ni fundi simu, na mimi jirani yao, Mama Ismail. Tulikuwa tunafanya mtihani wa Raudha.

Ndiyo, mmesikia sawasawa. Raudha, binti wa mwisho wa Bi Tunu, alikuwa ndani anasukwa nywele.

Binti huyu alikuwa akisomea utoaji wa dawa katika chuo kimoja cha mtandaoni. Masomo manane, na kila somo lina mtihani wake wa kufanyia kwenye simu. Mwenye duka la dawa alikokuwa akifagia alimwahidi kaunta siku atakayoleta cheti. Mtihani wa kwanza alijaribu mwenyewe, akapata arobaini na moja, akalia. Bi Tunu hawezi kuona mwanawe akilia.

"We Raudha," alimwambia, "hapa kwetu nani aliwahi kupika pilau ya harusi peke yake? Shughuli watu, mwanangu. Lete hiyo paswedi."

Hapo ndipo tulipopotea. Sisi watu wa uswahilini tumezoea kusaidiana, harusi yetu sote, msiba wetu sote. Tukaona na mtihani ni gunia la vitunguu, kila mmoja ashike kisu amenye. Mimi niliyeishia darasa la saba nikapewa usafi wa duka. Marijani, kwa ujanja wake wa simu, akapewa dozi za watoto.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya dozi za watoto, nami nilikuwa namsomea Marijani maswali kwa sauti. Hakusikiliza hata moja. Kulikuwa na grupu la watsapu linalopitisha majibu, yeye anaangalia huku, anabonyeza kule.

"Songa, Mama Ismail, unasoma kama khatibu!"

Akapata tisini na sita. Raudha akachungulia mlangoni, nywele zimesukwa nusu. "Braza, we noma! Mie hata sijui hilo somo linahusu nini." Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Kabla ya kutuma, simu ilitaka mwanafunzi aweke tiki kuapa kwamba kazi ni yake mwenyewe. Tiki ile niliiweka mimi, kwa kidole hiki.

Mwalimu mmoja wa chuo, Kornelio, alishtuka kuona alama zimepanda ghafla. Alimpigia Raudha akamtaka waonane kwa video dakika kumi tu, amweleze somo kwa maneno yake mwenyewe. Bi Tunu akamnong'oneza, "Mwambie mtandao mbovu." Raudha akasema mtandao mbovu, mara tatu, siku tatu. Mwalimu akachoka akaliacha. Naye ana fungu lake katika haya.

Cheti kikatoka. Vigelegele mtaa mzima! Nanyi mnatujua, anayeuza dawa kwetu ni daktari. Hata watu wazima wakawa wanamwita Dokta Raudha, naye akaitika.

Miezi mitatu baadaye, Mwanakombo, mtoto wa pekee wa Marijani, akapata homa. Ana miezi tisa. Mama yake, mtu wa Kigamboni, alitaka wampeleke hospitali. Marijani akamkatalia. "Foleni ya nini, wakati tuna mtu wetu?"

Raudha alimpa kichupa cha dawa ya matone ya homa. Kile kipimo chake cha kudondoshea kilikuwa kimevunjika. "Mpeni kijiko cha chai kimoja, kutwa mara nne, siku tatu," alisema, tena kwa kujiamini.

Ndugu zangu, dawa ya matone ni kali mara kadhaa kuliko ile ya maji wanayopimiwa watoto kwa kijiko. Swali hilo lilikuwemo kwenye mtihani. Nililisoma kwa mdomo wangu, na Marijani akabonyeza jibu sahihi bila kujua amebonyeza nini.

Siku ya tatu mtoto anatapika, macho ya njano, ukimwita haamki. Mama yake akampigia wifi yake. Nilikuwa bandani kwa Marijani, simu yangu inatengenezwa, Raudha alipokuja mbio bila hata viatu.

"Kaka, lile somo la dozi za watoto ulilifanya wewe. Matone yanapimwaje?"

"Unaniuliza mie? Si wewe ndo daktari?"

"Nakuuliza wewe uliyefanya mtihani! Ulijibu nini?"

Marijani akaweka bisibisi chini. "Nilinakili, Raudha. Sikusoma hata mstari mmoja."

Hospitalini daktari alikishika kile kichupa akauliza nani aliyewaambia kijiko.

"Dada yangu," Marijani alijibu. "Ana cheti."

"Mwenye cheti hawezi kukosea hili. Ni somo zima."

"Somo hilo nililifanya mimi."

Daktari akasema dawa imezidi mno, ini la mtoto limekwisha. Mwanakombo alifariki Alhamisi adhuhuri. Wahenga walisema msiba wa kujitakia hauna kilio. Si kweli. Tulilia sana, na hakuna aliyetuhurumia.

Msibani Bi Tunu alimwendea mkwewe amkumbatie. "Usiniguse, mama," yule binti alisema. "Asiniguse hata mmoja wenu."

Polisi walikuja kumchukua Raudha palepale matangani. Askari akauliza nani mwingine alihusika na cheti kile. Bi Tunu akainamisha kichwa. Marijani akatazama ukuta. Mimi nilijifunika khanga nikajifanya nalia. Raudha alitutazama mmoja mmoja, akapanda gari peke yake.

FUNZO

Mwanafunzi, ukishindwa, rudia kusoma. Sifuri yako mwenyewe haimuui mtu. Mzazi, kumfanyia mwanao mtihani ni kumnyima elimu huku unampigia makofi. Nanyi walimu wa mtandaoni, msiridhike na tiki. Muoneni mwanafunzi uso, aeleze alichosoma kwa kinywa chake, na akisema mtandao mbovu, msubirini hadi utengemae. Kusaidiana ni kwema, lakini kuna kazi ambazo anayekusaidia anakuangamiza, na wa kwanza kuangamia ni yule atakayekuja kukuamini.

Mwanakombo sasa angekuwa anajifunza kutembea. Mama yake amerudi kwao Kigamboni, na simu zetu hapokei.