Vyumba Viwili vya Kulala

Walijuana kwenye foleni ya pasipoti, ofisi imefurika mpaka ngazini.

"Dada, huu ndio mwisho wa foleni au mwanzo wa mateso?" aliuliza kijana mmoja mwenye shati la kijani lililokatika kifungo.

"Mwisho wa foleni. Mateso umekuja nayo mwenyewe."

Kifungo akakishona dada huyo, wiki hiyo hiyo, cheupe katikati ya vyeusi. Yeye ni karani wa idara ya takwimu. Kijana ni muuguzi, anangoja kwenda nchi yenye wazee wengi kuliko wa kuwatunza.

"Nikitulia tu kule nakuita, Karani wangu. Wanaruhusu mtu kuleta familia."

"Na kwenu nitafika lini?"

"Mama hajisikii vizuri, mpenzi. Vuta subira."

Akavuta mwaka mzima. Siku ya sensa mwenzake akaugua, karani akapewa mtaa asioujua. Nyumba ya nne alimkuta mama mmoja barazani, miguu imevimba.

"Shikamoo, mama. Usiku wa kuamkia leo walilala nani humu?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi, kijana wangu wa pekee, na mkewe. Wote wauguzi, kesho kutwa wanasafiri."

"Vyumba vya kulala?"

"Viwili. Changu na chao."

Karani akainua macho. Kwenye kamba ya nguo palianikwa shati la kijani lenye kifungo kimoja cheupe. Mwenye shati naye huyo akatoka ndani, dawa za mama mkononi, akasimama kama aliyepigiliwa misumari.

"Hali ya ndoa?" karani alimuuliza, kidole juu ya kishikwambi.

"Sema, mwanangu, unaona haya?" mama akacheka.

"Nimeoa."

Kijana akamvuta kando, langoni. "Ni ndoa ya karatasi, mpenzi! Kule wanaanza kuchukua wauguzi walio mke na mume, sisi wa peke yetu tunasubiri miaka. Tukifika tu tunaachana, nakuita."

"Karatasi hailali chumbani. Mama amesema chumba ni chenu."

Karani alitamani kumzaba kibao, akatamani pia kulia, na yote mawili akayameza. Akarudi barazani kumalizia kazi.

"Na wakiondoka, mama, utabaki na nani?" Swali hilo halikuwamo kwenye fomu.

"Kuna binti atahamia hapa anitunze. Mwanangu anasema ana moyo mzuri, na humpenda kama dada yake. Nasikia ni karani, kama wewe. Labda unamjua?"

Kumbe ndiyo nafasi aliyokuwa amewekewa mwaka mzima.

"Namjua, mama," alisema, akiushika mkono wa bibi yule asiye na kosa. "Haji. Mwambie mwanao atafute mwingine kabla ya kesho kutwa."

Akaandika namba ya nyumba kwa chaki juu ya mlango, akaenda kubisha hodi nyumba ya tano.