Chumvi ya Ngozi

Kila mwisho wa mwezi mume alirudi nyumbani na furushi la chumvi begani. Alifanya kazi kwenye ghala la ngozi. Kutwa nzima alimwaga chumvi juu ya ngozi mbichi za ng'ombe, ili zisioze. Msimamizi aliwaruhusu wafanyakazi kubeba kidogo.

"Ya nini kununua kitu cha bure?" alisema, huku akijaza kopo jikoni.

Mkewe, fundi cherehani, hakuona ubaya. Chumvi hiyo ilikoleza mboga na kusugua sufuria zikang'aa. Chumvi ni chumvi.

Asubuhi moja alivaa blauzi yake ya zamani. Kifungo cha shingoni kikakataa kufungika. Akavuta. Kikakataa tena. Alipojipapasa, vidole vilikuta uvimbe laini chini ya koo.

Moyo ukamlipuka paa! Shangazi yake alifariki kwa uvimbe. Ulikuwa wa tumboni, lakini uvimbe ni uvimbe. Hakumwambia mtu. Alianza kujishonea nguo za kola ndefu. Kila alipomeza chai, alihisi kama kuna mtu amemkaba.

Miezi miwili ikapita hivyo. Jumamosi moja alikuwa akimpima binti yake sare ya shule. Binti alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alizungusha futi ya kupimia shingoni mwake.

"Inua kidevu, mwanangu. Meza mate."

Binti akameza. Kitu kikapanda na kushuka chini ya ngozi yake. Futi ikaanguka sakafuni.

"Mama, kuna nini?"

Alimshika mkono wakatoka mbio, hata mlango hakufunga. Hofu yake mwenyewe aliweza kuificha. Hii ya mtoto ilimshinda.

Jirani yao alikuwa nesi wa zahanati. Aliwakaribisha ndani, akawapapasa shingo wote wawili polepole.

"Jirani, kwako mnatumia chumvi gani?"

"Chumvi?" Fundi alipandisha sauti. "Mimi nakuletea habari za kifo, wewe unaniuliza chumvi!"

"Kailete, shoga yangu. Tafadhali."

Akaileta kwenye kisahani. Nesi akaweka karibu nayo chumvi yake ya pakiti. Kisha akatoa kichupa cha dawa ya kupimia, akadondosha tone moja huku na moja kule. Chumvi ya nesi ikageuka bluu. Ile ya ngozi ikabaki nyeupe vilevile.

"Bluu ni dalili ya madini ya iodini. Wengine huyaita madini joto," nesi alisema. "Huyaoni, wala ulimi hauyajui. Lakini mwili ukiyakosa, tezi ya shingoni huvimba. Huo uvimbe huitwa rovu. Mtoto anaweza kuchelewa kukua, na masomo yakamshinda. Mama mjamzito yuko kwenye hatari zaidi, yeye na aliye tumboni."

Fundi alikumbuka mwalimu akilalamika kwamba binti anasinzia darasani.

"Sasa tunakufa?"

"Dalili ni za rovu, lakini macho yangu hayatoshi. Jumatatu nendeni hospitali mkapimwe."

Jioni mume aliposikia, alilishusha kopo lile na kulifunua. "Nimewalisha nini watu wangu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hukujua, baba," mkewe alisema.

Wakapimwa damu na kupigwa picha ya shingo. Wakangoja majibu siku sita. Fundi alishona mikono ya gauni moja mara tatu, kila mara akiikosea. Siku ya saba daktari akasema, "Ni rovu. Si saratani. Uvimbe wa mtoto utapungua mapema. Wako, mama, ni wa siku nyingi. Utachukua muda, na huenda usiishe wote. Mtarudi hapa tuwaangalie."

Fundi alilia pale pale kwenye benchi.

Nesi akawafundisha. Wanunue chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina iodini. Waiweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moto, jua na unyevu. Waitie kwenye mboga inapokaribia kuiva, maana moto mwingi hupunguza madini. "Na msizidishe," alionya. "Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu."

Mwisho wa mwezi, wenzake mume walikuwa wakifunga mafurushi yao.

"Jamani," aliwaambia baada ya kuwasimulia habari ya rovu, "hii ni ya ng'ombe aliyekwisha kufa. Watu wetu bado wako hai!"

Walicheka. Kisha mmoja akajishika shingo, na kicheko kikakatika. Wiki hiyo nesi alipokea wageni saba.

Baada ya miezi minane shingo ya binti ilikuwa karibu kama ya wenzake, na darasani hakuwa akisinzia tena. Uvimbe wa mama ulipungua nusu. Hata hivyo, kila alipoamka aliupapasa kwanza, kabla hata ya kunawa uso.

Ikaja asubuhi moja, alikuwa ameshaketi kwenye cherehani na kushona kola mbili, ndipo akakumbuka kwamba leo hajaugusa.