Maharamia Walioimba

Kila asubuhi kabla ya shule, Umuhire alifagia ua wao pale Kamembe, akaanika dagaa wa ziwani waitwao sambaza juani, kisha akampelekea babu yake chai. Babu huyo, Mzee Habumugisha, alikuwa afisa mstaafu wa wanamaji aliyewahi kuwinda maharamia katika Ziwa Kivu. Leo chai ilimwagika njiani, maana mawazo ya Umuhire yalikuwa shuleni.

"Koko, ni kweli unakuja darasani kwetu?" alimuuliza babu yake.

"Mwalimu wenu, Madamu Mukandori, ameniita. Kuna nini, mama?"

Akamweleza yote. Alikuwa amewaambia wenzake kwamba babu yake aliwapiga maharamia kumi peke yake, akaogelea na bastola mdomoni. Sasa angeumbuka mbele ya darasa zima!

"Koko, nakuomba useme ni kweli!"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Bastola mdomoni? Kwa meno haya?" Lakini hakuahidi kitu.

Darasani, Gad, mchokozi asiyechoka, akawahi kuuliza: "Mzee, wale kumi uliwapigaje?"

Umuhire aliinamisha kichwa. Mzee alimtazama kidogo, kisha akaanza.

"Batoto bangu, wavuvi wetu huimba wakipiga makasia, na makasia hufuata wimbo. Maharamia walioiba nyavu na injini walipita kimya, tukawatambua kwa ukimya wao. Basi wakajifanya wajanja. Alfajiri moja mtumbwi ukaja ukiimba vizuri ajabu. Lakini makasia sasa! Hili huku, lile kule. Mdomo unasema mvuvi, mkono unasema mwizi. Tukawazingira, wakainua mikono. Chini ya majani ya migomba tukakuta nyavu za watu. Hata risasi moja haikulia."

"Na wale kumi?" Gad hakukubali.

Umuhire akasimama. "Hawakuwapo. Niliwadanganya."

Loh! Darasa lilipasuka kwa kicheko. Aibu ilimchoma, maskini, lakini hakukaa.

"Bwana, hii ya kweli ni tamu kuliko ile yako," Gad alimwambia Umuhire, na safari hii hakuwa akitania.

Mzee akamwita mjukuu wake mbele, akamshika bega.

"Njia ya mwongo ni fupi," aliwaambia wote. "Kuimba uongo ni rahisi, ila makasia yatakutaja. Huyu leo amesema kweli huku anaogopa. Mimi nilikuwa na askari nyuma yangu. Yeye alisimama peke yake."

Umuhire akainua kichwa, akatabasamu.