Uzi wa Mafundo Tisa

Tangu watoke kinamasini asubuhi ile, Noémie hakuwa amelia hata mara moja, na mtoto wa miezi mitano asiyelia kutwa nzima anatisha kuliko anayepiga kelele.

"Jua limemchosha," alisema mama mkwe, Bi Ezora. "Na wewe, Odalie, nani alikutuma umpeleke mwanao kwa mamba?"

"Nilienda kutazama ndege tu, Mama."

Ndege, kweli. Kundi zima la domomwiko wa rangi ya waridi, nyuma ya miti ya misaiprasi, na mtumbwi ukakataa kupita kwenye mizizi, basi akaufunga, akamwacha mtoto amelala ndani, akapita juu ya gogo akapige picha, dakika mbili, labda tano, labda kumi, Mungu anajua, na aliporudi kamba ilikuwa imefunguka lakini mtumbwi umetulia palepale, na Noémie, asiyejua hata kuketi, ameketi wima, nywele zinachuruzika maji, anatabasamu.

Hakumwambia mtu.

Jioni vyura waliozunguka nyumba walinyamaza wote kwa pamoja. Kitanda cha mtoto kikaanza kunuka tope. Odalie alibadilisha shuka mara tatu, na mara zote tatu alikuta maji meusi chini yake.

Bi Ezora aliponusa, ukali ulimwisha. Akamwita Mzee Placide, anayetibu kwa sala. Mzee akagoma kuvuka kizingiti.

"Mama yake ndiye aniombe. Si wewe, Ezora."

"Mtibu mwanangu, Mzee," Odalie alinong'ona.

"Ulimwacha peke yake juu ya maji?"

"Hapana."

Mzee akavaa kofia yake. "Basi sina kazi hapa."

"Nilimwacha! Nilimwacha kwa ajili ya picha, Mzee, nisamehe, usiondoke!"

Bi Ezora hakumtazama. Alimnong'oneza Odalie tu sikioni: "Akimaliza, usimshukuru. Ukishukuru, umekirudisha alichokitoa."

"Najua, Mama. Si nimezaliwa hapahapa?"

Mzee alivuka kizingiti, akafunga uzi wenye mafundo tisa kwenye kifundo cha mguu wa mtoto, akasali chinichini, na kadiri alivyosali ndivyo harufu ya tope ilivyopanda, kuta zikatoa jasho, kitu kikajiburuta chini ya sakafu kuelekea mlangoni kama mtumbwi unaosukumwa kwenye matope, mlango ukafunguka wenyewe, ukajifunga, na Noémie akalia. Akalia kwa nguvu, uso mwekundu, kilio chake mwenyewe, na Odalie akamkumbatia huku machozi yakimtoka.

"Asante! Asante, Mzee wangu!"

Bi Ezora akajiziba mdomo.

Fundo la kwanza likafunguka. La pili. La tatu.

"Mfungie mwingine!" Odalie alilia. "Mzee, mfungie mwingine!"

"Siwezi kukitoa mara mbili, binti." Mzee akarudi nyuma hadi kizingitini. "Ungenyamaza tu."

Uzi ukaanguka sakafuni. Noémie akakatisha kilio katikati, akajinyoosha wima mapajani mwa mama yake, nywele zikaanza kuchuruzika, na akamtazama Odalie usoni, akitabasamu.