Tofali Lililosimama

Sogeeni karibu, majirani zangu, na yule anayejifanya anapita tu asimame, maana haya yanamhusu na yeye. Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na miwili cherehani yangu imekaa kwenye baraza hii, ukuta kwa ukuta na nyumba ya Fundi Baridi, yule anayetengeneza mafriji. Ninachowasimulia nilikiona kwa macho yangu, na sehemu moja nilishiriki mwenyewe. Nikifika hapo mtanitazama vibaya, na mtakuwa na haki.

Nyumba ile ilikuwa na raha zake. Asubuhi Fundi Baridi anafungua karakana yake mbele ya nyumba, anapanga spana, anapiga mluzi. Mkewe anaanika nguo huku akinitania kwamba suruali ninazoshona zina miguu mitatu. Na dirishani anakaa Mzee, baba yake Fundi, mwashi mstaafu aliyeijenga nyumba ile kwa mikono yake.

Mzee alikuwa na mtindo wake. Kila pembe ya ukuta, kozi ya chini kabisa, yaani safu ya kwanza, matofali yote yamelala ila moja amelisimamisha wima. Mafundi wenzake walimcheka miaka nenda miaka rudi. "Hilo vipi, limekosa pa kulala?" Naye anajibu, "Hilo ni la zamu. Wengine wakilala, mmoja awe macho." Hakuna mwashi mwingine aliyejenga hivyo. Hili la pembe ya mlangoni tulilizoea. Limetokeza kidogo nje ya ukuta; mimi natundika mfuko wa vitambaa kwenye msumari ulio juu yake, na Fundi Baridi kila akitoka karakana anasugua soli za viatu vyake juu yake kabla hajaingia ndani. Likumbukeni tofali hilo.

Kisha Mzee akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, sauti ikakatika. Neno lililobaki ni moja tu, "haya". Umpe maji, haya. Umgeuze kitandani, haya. Mtu wa mazoezi kutoka hospitali akamwambia mkewe Fundi, mimi nikiwa pale pale: "Mkono huu wa kulia bado unaweza kurudi. Kidole gumba kifanye kazi mara mbili kila siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, bila kukosa. Mkiulegezea, vidole vitajikunja na havitafunguka tena." Akaacha kimpira cha kuminya. Mzee akakirusha uani. Mtu aliyeshika mwiko miaka arobaini umpe mpira aminye kama mtoto!

Sasa Fundi Baridi mwenyewe alikuwa wapi? Alikuwa kwenye simu.

Kuna mchezo wa mtandaoni ambao nusu ya mtaa tulikuwa tunaucheza, nami nilikuwemo, nisijifanye malaika. Watu maelfu mnajenga mji mmoja. Huyu anapanga matofali, yule anachota maji, mwingine anamwelekeza mgeni asiyejua pa kuanzia. Jamii ile ina wasimamizi wake, wanaofukuza watukanaji na walaghai, na zamani walichaguliwa kwa njia nzuri. Ukimsaidia mtu, yeye mwenyewe anakupa nyota. Aliyepewa nyota na watu wengi anapendekezwa, kisha tunapiga kura. Fundi Baridi alipata nyota zake hivyo, kwa kuwafundisha wageni kwa subira. Nilimwonea fahari, kweli kabisa.

Halafu yakaingia maroboti, yaani programu zinazocheza mahali pa mtu na kufyonza matofali ya wenzao. Wakubwa wa jamii wakatangaza utaratibu mpya: atakayefichua roboti, kura ikathibitisha, nyota tano kwa mkupuo. Kumsaidia mgeni ilibaki nyota ileile moja. Jamani, ukiwazawadia watu kwa kukamata wezi, siku wezi wakiisha watamkamata nani?

Uchaguzi ulikuwa baada ya wiki tatu, na Fundi Baridi aliutaka usimamizi kama mwenye kiu. Namwelewa. Karakanani wateja humwita "we fundi", kule angeitwa Msimamizi. Basi akaacha kufundisha wageni, akaanza kuchunguza watu. Huyu kwa nini hajibu? Yule kwa nini anajibu haraka? Alikuja barazani kwangu, akainama.

"Mama Sindano, wewe mle ndani unatumia jina gani?"

"Si unalijua? Ulinipa nyota mwaka jana."

"Nathibitisha tu. Siku hizi hata jirani humjui." Akaangalia nyuma yake. "Mimi nimebadilisha langu. Sasa naitwa Jicho. Usimwambie mtu, hata mke wangu."

"Mkeo naye amefanya nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nasema usimwambie."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nyumbani akaanza kuona mambo. Akiingia chumbani kwa Mzee, mkewe ananyamaza na simu inasukumwa chini ya mto. Siku moja niliwasikia kupitia ukutani.

"Mlikuwa mnacheka nini?"

"Baba amenichekesha, mume wangu."

"Baba hasemi, atakuchekeshaje?"

"Kwani kuchekesha mpaka kusema? Mtazame tu alivyokunja uso."

"Na hiyo simu?"

"Simu ya zamani, namwonyesha picha za zamani."

Akatoka akaja kwangu moja kwa moja. "Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Sindano. Kuna mtu anamtuma. Labda yule mpinzani wangu wa uchaguzi. Nisaidie kumwangalia." Nami badala ya kumwambia akanawe uso, nikasema sawa. Umbea ni ugonjwa, na mimi ninao. Siku tatu nilimhesabia mwenzangu hatua zake, saa ngapi katoka, kashika nini. Mtu aliyenipa chumvi juzi!

Sina haja ya kuwazungusha, niwaambie sasa kilichokuwa chini ya mto. Mkewe Fundi, baada ya kimpira kurushwa, aliwaza: Mzee ni mwashi, mpe matofali. Akamwingiza kwenye ule mchezo kwa jina la Kobe. Saa nne na saa kumi anamwekea simu mapajani, na Mzee anapanga matofali kwa kile kidole gumba cha kulia, moja baada ya moja, jasho likimtoka. Kwa kuwa hawezi kuandika, mkwewe alimwandalia sentensi moja ya kutuma kwa kubonyeza tu: "Habari yako, mwenzangu, pole na kazi." Wiki ya pili kidole kilikuwa kinafika mpaka kwenye kidole cha shahada. Wiki ya tatu Mzee alishika kijiko.

Na kwa nini ilikuwa siri? Mzee mwenyewe ndiye aliyetaka. Alimchorea mkwewe nyota juu ya shuka kwa mkono wa kushoto, akaonyesha mlango wa mwanawe, akatikisa kichwa. Maana yake, nipate kwanza nyota moja, ndipo umwambie. Alikuwa anakaa na mwanawe nyumba moja, lakini mwanawe anaishi kwenye mchezo. Basi akamfuata huko. Mkwewe alimwambia, "Baba, yumo humo, ila jina lake kanificha." Ndiyo maana Kobe alikuwa anamsalimu kila mtu aliyepita karibu na ukuta wake. Kila mmoja angeweza kuwa ndiye.

Siku ya mwisho kabla ya kura, Jicho alikuwa na upungufu wa nyota nne ili apendekezwe. Akamwona Kobe.

Ushahidi aliobandika niliusoma nikiwa hapa hapa, nimeweka uzi mdomoni. Kobe anaingia saa nne kamili na saa kumi kamili, kila siku. Kobe hajui kuongea, anarudia sentensi moja kwa watu wote. Kobe anapanga matofali yakapishana sawasawa bila kukosea, mtu wa kawaida hawezi. Mwisho akaweka picha ya ukuta wenyewe, akaandika: "Tazameni kila pembe, kozi ya chini. Tofali moja limesimama. Hiyo ni alama ya aliyetengeneza roboti."

Mnajua alikuwa wapi alipoandika hayo? Mlangoni kwake. Simu iko mkononi, na mguu uko juu ya tofali, anasugua soli.

Nami nilikuwa hatua tano kutoka hapo, na mfuko wangu wa vitambaa umening'inia juu ya tofali hilo hilo. Sikuona. Naapa sikuona. Nilikuwa nimeshaambiwa ni roboti, na mtu akishaambiwa hatazami tena.

Utaratibu ulimpa mshukiwa nafasi moja ya kujitetea: maswali kumi, dakika moja, uandike majibu. Ilikuwa saa nne asubuhi iliyofuata, siku yenyewe ya uchaguzi. Mkewe Fundi alikuwa ameenda sokoni, Mzee yuko peke yake na simu mapajani. Maswali yakamiminika. Wewe ni nani? Unaishi wapi? Rangi ya mbingu ni ipi? Watu mia nne tukawa tunatazama. Likaja jibu moja: "Habari yako, mwenzangu, pole na kazi." Watu wakacheka. Likaja la pili, lilelile. Jicho akaandika, "Mnaona? Mashine imekwama."

Kura ikafunguliwa. Lisemwalo lipo, nikajiambia, na kama halipo laja. Nikabonyeza ndiyo, nikarudi kwenye suruali yangu.

Kobe akafutwa. Ukuta wake ukabomolewa na matofali yakagawiwa waliopiga kura. Mimi nilipata manne.

Mchana ule kura za usimamizi zikatoka, Fundi Baridi akashinda. Akanunua soda, akatuita karakanani, amesimama kati ya mafriji mabovu kama bwana harusi. Ndipo mkewe akatokea mlangoni. Kikapu bado kiko begani, na mkononi ana simu ya zamani. Machozi yanamtiririka na wala hayafuti.

"Mume wangu, wewe unawajua watu wa huu mchezo. Nani Jicho?"

Soda ikasimama njiani kwenda mdomoni.

"Kwa nini unauliza? Nani kakutuma?"

"Kanituma baba yako! Nimemkuta anabonyeza hiki kioo chekundu, anabonyeza, anabonyeza, hakiendi. Kimeandikwa hapa jamii haina nafasi kwa mashine. Niambie huyo Jicho ni nani, nikamuulize baba yetu ni mashine ya nani!"

Mimi nilijua jina, nikainamia soda yangu. Fundi Baridi akaichukua ile simu, akaiangalia picha ya ukuta. Kisha akatembea polepole mpaka mlangoni, akachutama, akaondoa mfuko wangu wa vitambaa, akaliangalia tofali lililosimama. Alilia kwa sauti, jamani, mtu mzima. Sijawahi kusikia kilio kama kile na sitaki kukisikia tena.

Kazi yake ya kwanza kama msimamizi ilikuwa kumrudisha Kobe. Ya pili ilikuwa kujiuzulu. Akaipeleka simu chumbani, akapiga magoti. "Baba, imefunguka. Ni mimi. Jicho ni mimi. Cheza, Baba." Mzee akaisukuma simu kwa mkono wa kushoto, taratibu, ikaanguka kitandani.

Hakuigusa tena. Mpira hakutaka, udongo wa kufinyanga hakutaka, hata mwiko wake wa zamani tuliomletea aliugeuzia uso. Saa nne ikifika anakiweka kile kidole ndani ya kiganja na kukifunika na vingine. Baada ya miezi miwili mtu wa mazoezi alijaribu kuvifungua vidole, akaacha. "Tulikuwa tumefika pazuri sana," alisema, akakusanya vitu vyake.

Sasa Fundi Baridi anakaa na baba yake kila siku, saa nne na saa kumi. Anamlisha kwa kijiko, kijiko kile kile ambacho Mzee aliwahi kukishika mwenyewe. Na kila siku, mimi nasikia nikiwa huku, anasema, "Baba, nisamehe." Mzee anajibu, "Haya." Analijibu hilo kama anavyojibu maji na kama anavyojibu kugeuzwa. Fundi hajui amesamehewa au la, na hakuna wa kumwambia.

FUNZO

Msiseme kosa ni la mchezo. Mchezo ulikuwa umempa Mzee mkono wake. Kosa ni kumpa mtu cheo kwa idadi ya wenzake aliowaangusha, badala ya wale aliowainua. Mkitaka kiongozi, iwe mtandaoni, iwe mtaani, iwe kwenye chama cha kuzikana, mtafuteni aliyesaidiwa naye, mumuulize. Na mshukiwa apewe nafasi ya kujitetea inayomtosha yeye, si inayowatosha wanaomshuku. Tamaa ya sifa humpa mtu macho mengi ya kutazama mbali, ikamnyang'anya lile la kutazama chumba cha pili.

Na nyinyi mnaopiga kura tu, kama mimi, msijifiche nyuma ya wingi. Ile "ndiyo" yangu niliibonyeza kwa muda mfupi kuliko wa kutunga uzi kwenye sindano. Matofali yale manne bado ninayo kwenye simu, sijui niyapeleke wapi.