Mkwaju Uliopakwa Rangi ya Geti

"Mama, nani anapumua nyuma ya mlango?"

Kidoti aliuliza hivyo saa saba mchana, sahani zikiwa mezani. Baba yake alikuwa anatafuna huku macho yakiwa kwenye simu. Bibi yake alikuwa anachambua miiba ya samaki. Mama yake, ambaye mtaa mzima humwita Fundi kwa ajili ya cherehani yake, alilisikia swali vizuri sana, ila alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huahirisha hata hofu.

Uchovu huo ulikuwa na mwanzo wake. Wiki moja kabla, mumewe, dereva wa pikapu, alirudi kinyumenyume uani bila kutazama kioo, akaubandua mkwaju gome upande mmoja, kimo cha goti hadi kifua. Mti huo bibi aliuleta ukiwa mche kwenye kopo, siku alipohamia nyumba hii akiwa bi harusi, na sasa umelipita paa. Bibi alilia kama aliyefiwa.

"Basi yaishe, mama," Dereva akasema. "Mama Kidoti atauuguza."

Atauuguza! Aliyegonga ni mwingine, muuguzi ni yuleyule anayepika, anayefua, anayeshona sare za watoto wa watu na kumkanda mama mkwe miguu. Lakini Fundi aliuuguza. Aliweka dumu lenye tundu moja ili maji yadondoke polepole shinani, akatandaza majani makavu juu ya udongo. Kidonda kikabaki wazi, chekundu, na kila aliyepita alikuwa na lake la kusema.

"Mbona hakifungi? Humwagilii nini?"

Siku ya sita maneno yakamchosha kuliko maji. Mchana wa jua la utosi alichukua rangi ya mafuta iliyobaki walipopaka geti, akakipaka kidonda chote mara mbili, kijani kibichi. Akajiambia: haya, kazi moja imekwisha.

Kesho yake ndipo Kidoti akauliza swali lile.

Tangu hapo nyumba ikawa nzito. Ilianza harufu, ya ukwaju uliochacha, na chini yake rangi mbichi, ikitoka chumbani kwa mtoto ambako hakuna aliyepaka kitu. Ikafuata sauti. Haikuwa ya kutisha, na hilo ndilo lililotisha: *uhhh*, kama ya mtu anayetua mzigo, kisha akakumbuka kwamba hajafika. Pedali ya cherehani ikawa kama inakanyagwa topeni. Na Kidoti, mtoto wa miaka sita ambaye hata usingizini alikuwa hatulii, akaacha kucheza. Akawa anashinda ameegemea ukuta, mikono magotini.

"Una nini, mwanangu?"

"Nimechoka."

"Umechoka na nini, na hujafanya kitu?"

Mtoto akageuza shingo taratibu. "Nimesimama muda mrefu," akasema, kwa sauti ya mtu mzima sana.

Fundi akamshika mkono, akausikia umekauka, na alipopandisha mkono wa gauni atazame vizuri akaona kuanzia kiwiko ngozi imepasuka mistari mistari kama gome, haina damu, haina joto, na huku akiita "Baba Kidoti, Baba Kidoti" kwa sauti isiyotaka kutoka akaisikia pumzi ile, safari hii si nyuma ya mlango bali ndani ya kifua cha mwanawe, na kila ilipotoka kifua kilibonyea zaidi ya mwanzo, na zaidi, na zaidi, kana kwamba kuna mtu amekikalia na hana mpango wa kuinuka.

Daktari aliandika vitamini. Ndipo alipoitwa Mama Miche, mwanamke mwenye kitalu mwisho wa barabara, anayeuza miche asubuhi na kutoa majini alasiri. Hakumtazama hata mtoto kwanza. Aliunusa mkwaju, akasonya.

"Nani kapaka?"

"Mimi."

"Kidonda hupakwa rangi ya geti? Wewe ukijikata kidole unapiga vanishi?"

Bibi alicheka, kisha akaona haya. Mama Miche akashusha sauti.

"Humu mtini mna mwenyewe. Jua likiwa utosini hutoka kunyoosha mgongo. Umemzibia mlango kwa rangi akiwa nje. Si mbaya huyu. Hana pa kulala tu, na aliyechoka hukalia kilicho karibu. Haya, mkono uliopaka ndio ukwangue. Usitumie chuma."

Fundi alikwangua kwa kijiti, kijiti kikavunjika, akamalizia kwa kucha. Chini ya rangi mti ulikuwa mweusi, umelowa, unanuka.

"Pameoza," Mama Miche akasema. "Hapalaliki tena. Acha pakauke, endelea na maji yako ya polepole. Mti hujifunga wenyewe, kutoka pembeni kuja katikati, upana wa ukucha kwa mwaka. Miaka saba. Labda kumi."

"Na mwanangu?"

"Atamwacha leo hii, akikaribishwa na mtu mzima wa nyumba hii. Aseme tu, njoo kwangu. Mtu huyo ndiye atakayembeba mwilini mpaka mti upone."

Bibi alimtazama Fundi. Dereva alimtazama Fundi. Kidoti, mkekani, hakuweza kuinua kichwa amtazame yeyote.

"Mwanangu," bibi akanong'ona, "wewe ndiye mama."

"Na wewe umeshazoea," Dereva akaongeza, kwa upole kabisa, kama anayemsifu.

Fundi alikuwa ameshafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari ulimini, limekuja lenyewe, kama anavyoinuka kufungua mlango kabla wageni hawajamaliza kubisha. Akaufunga mdomo. Akamwinua mtoto, mzito kama gogo lililolowa, akavuka ua kwa hatua fupi fupi, akamlaza mapajani mwa baba yake. Dereva akaisikia ile pumzi kwa mara ya kwanza, ikipenya shati lake, na rangi ikamtoka usoni.

"Baba Kidoti," Fundi akasema, bila hasira, kwani hasira nayo hutaka nguvu. "Nakuomba. Safari hii beba wewe."