Kona Ambayo Haijakatwa

Ijumaa ile asubuhi Nélida Chuquimia alikuwa amesimama mlangoni pa gereji yake, El Alto, Bolivia, akila salteña, sambusa ya kuoka yenye mchuzi ndani, kwa uangalifu wa mtu asiyetaka mchuzi umchuruzike hadi kiwikoni. Jua lilikuwa kali, na baridi vilevile. Shemeji yake Froilán akaingia na gari jeupe lililokuwa likilia tak-tak-tak kila likikata kona ya kulia. Siku ya kawaida kabisa.

Gari lenyewe lilikuwa moja ya yale yanayotoka Japani usukani ukiwa kulia, halafu wajanja wa mpakani wakauhamishia kushoto. Nélida aliwadharau watu hao kwa moyo wake wote. Wanakata, wanachomelea, wanaziba tundu la zamani kwa kipande cha plastiki, kisha wanakuuzia wakiapa kwamba gari lilizaliwa hivyo. Aliwadharau pia mafundi watatu waliomtangulia. Wa kwanza alibadilisha beringi. Wa pili alibadilisha mipira inayoshikilia injini. Wa tatu, ambaye ana cheti ukutani chenye fremu, aliongeza sauti ya redio.

"Mafundi wa mji huu wanasikiliza kwa pua," alisema akijipangusa vidole. "Gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele halina siri, shemeji. Likivuma njia nzima, beringi. Likigonga mara moja ukikanyaga mafuta, jointi ya ndani. Likipiga tak-tak kwenye kona, jointi ya nje. Kona ya kulia, mbovu ni ya kushoto. Ya kushoto, mbovu ni ya kulia. Hata mtoto wa shule anaelewa."

"Basi nitengenezee kishule," alisema Froilán, shavu limetuna kwa majani ya koka. "Saa sita tunashuka Yungas. Hortensia ameshafunga mablanketi. Mama yangu hajamwona mtoto."

Mtoto alikuwa na miezi mitano. Hortensia alikuwa mdogo wake Nélida, ndugu pekee aliyebaki naye. Na Yungas si mahali pa kushuka na gari linalokatika jointi: upande mmoja wa barabara kuna ukuta wa mwamba, upande wa pili hakuna upande.

Kwenye kibanda cha jirani Mzee Nicanor aliinua kichwa. Huyu alikuwa akiwasomea wenye magari majani ya koka na kuwamwagia pombe kwenye boneti wapate baraka. Kwenye kibao chake namba ya simu ilikuwa kubwa kuliko jina. Alisogea hadi begani kwa Nélida.

"Injinia," alinong'ona. "Yule wa kulia hajashuka."

"Yule nani?"

"Aliyekuwa akiendesha upande ule. Usukani mmeuhamisha. Yeye mmemwambia?"

"Yaulize majani yako, mzee: jointi ya ndani au ya nje?"

Froilán alicheka mpaka koka ikamtoka. Mzee Nicanor hakucheka. Alirudi kibandani, akakibeba kiti chake, akaenda kukiweka upande wa pili wa barabara.

Nélida alifungua gurudumu la kushoto, akachomoa shafti inayolizungusha, akafunga kwenye ncha yake jointi mpya ya nje na kuishindilia grisi. Kazi safi. Alilipeleka gari peke yake kwenye uwanja wa mpira wa vumbi, mahali anapojaribia magari yote, azungushe usukani hadi mwisho asikilize.

Tak-tak-tak. Kushoto.

Alitukana. Kisha akagundua kwamba alikuwa bado hajaugusa usukani. Gari lilikuwa linakwenda moja kwa moja. Sauti ikakoma, ndipo mkono wake ukakata kulia, na katika kona yenyewe gari likawa kimya kabisa.

Akarudia. Sauti kwanza. Akahesabu moja. Kona, kimya.

Akarudia tena. Sauti. Moja, mbili. Kona.

Jointi hailii kabla ya kukunjwa. Hilo si jambo la maoni. Ni chuma.

Ikalia ya kulia, kwa hiyo kona ya kushoto. Safari hii alikaza mikono. Sikati, alijiambia. Nitakwenda moja kwa moja mpaka golini, tuone. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Mbwa akachomoka nyuma ya nguzo ya goli, na mikono yake ikakata kushoto bila kumwomba ruhusa.

Alirudi polepole, redio imezimwa. Njiani, kwenye barabara iliyonyooka kama rula, ikaanza tena. Ya kushoto. Ndefu. Alihesabu hadi arobaini na bado ilikuwa inalia, kona moja kubwa ya kulia isiyonyooka. Haikufifia, kama inavyofifia mtu anaporudisha usukani. Ilikatika ghafla.

Akaingojea hiyo kona. Gereji ilikuwa kushoto. Alifika, akaegesha, akazima. Kona haikuja.

"Vipi?" Froilán aliuliza.

Nélida alikuwa na miaka minne ya chuo kikuu na miaka kumi na mitano ya kucheka watu. Ng'ambo ya barabara Mzee Nicanor alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anamtazama. Angesema nini, mbele ya yule?

"Limepona," alisema.

Hortensia, aliyekuwa amefika na mablanketi yake, akapanda kiti cha kulia, mtoto kifuani. "Dada, mbona umepauka?"

"Njaa. Nendeni, mtachelewa."

Walipoondoka aliiosha jointi ya zamani kwa petroli. Gololi zake zilimeremeta. Hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Alikuwa ametoa kitu kizima.

Kwa saa mbili nzima alijicheka. Injinia Chuquimia, mtabiri wa kona! Atundike kibao, aweke namba ya simu kubwa. Alifunga breki za teksi moja, akazifungua, akazifunga upya. Lakini hesabu haikumwacha. Moja. Mbili. Nne. Kila mara sauti ilitangulia mbali zaidi. Ile kona ndefu haikuwa imepotea. Ilikuwa bado haijakatwa.

Akapiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena. Ya tatu ikaita.

"Dada?" Hortensia alinong'ona, mtoto alikuwa amelala.

"Linalia?"

"Halilii hata kidogo. Kimya. Froilán anakusifu njia nzima."

Kimya. Kama lilivyokuwa kimya kwenye kila kona ya uwanjani.

"Mko wapi?"

"Tumeacha lami. Ukungu mtupu. Bonde liko kulia."

"Mwambie asimame."

"Kwa nini?"

Mwenye teksi alikuwa anasikiliza. Mzee Nicanor alikuwa ameinuka kitini. Nélida akasema lile neno ambalo angemcheka mtu yeyote mwingine kwa kulisema.

"Kwa sababu litakata kulia."

Alimsikia Froilán akiguna. "Mwambie msomi wetu barabara hapa inakata kushoto! Hata mbuzi wanajua..." Kisha, kwa sauti ndogo sana: "Hortensia. Usukani haunisikii."

"Vuta breki ya mkono!" Nélida alipiga kelele. "Hortensia, vuta!"

Mkwaruzo. Mtoto akalia. Simu ikakatika.

Alifika huko kabla jua halijazama, kwa lori la kubeba machungwa. Walikuwa hai. Hortensia alikaa juu ya jiwe, mtoto amemfunika shali, mgongo ameligeuzia gari. Gari lilikuwa katikati ya njia, pua imenyooka. Hakuna aliyeligusa.

"Njoo," Froilán alinong'ona.

Nyuma ya gari kulikuwa na alama zake kwenye tope, mbichi. Mbele ya gari kulikuwa na alama nyingine. Zilianzia chini ya matairi ya mbele, pale pale yaliposimama, zikaenda, zikapinda kulia taratibu, kona moja kubwa isiyonyooka, zikavuka ukingo.

"Kuna gari lingine lilipita," Nélida alisema haraka.

"Likaanzia hapa? Lilidondoka toka juu?"

Alipiga magoti. Tairi la kushoto lilikuwa na mpasuko wenye umbo la ukucha. Alama ya kushoto nayo ilikuwa na mpasuko wenye umbo la ukucha, kila mzunguko, hadi ukingoni.

"Hili gari halijawahi kufika huku, shemeji," alisema Froilán. "Naapa kwa mtoto."

Nélida alitia kidole ndani ya alama. Tope halikuwa bichi. Lilikuwa limekauka, gumu kama tofali, limepasuka nyufa. Kama ile sauti, alama zilikuwa zimetangulia kona. Na ndani ya zile nyufa, kuanzia kwenye tairi hadi ukingoni, zilikuwa zimeota nyasi changa, urefu wa kidole.